Safu moja msikitini, mafao matatu tofauti: Hesabu iliyokaribia kuvunja nyumba

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Magindu

 

Ndugu wasomaji, kazi ya kamati ya msikiti katika mji mdogo kama wetu wa Magindu haiishii kwenye mikeka, maji ya udhu na paa linalovuja. Watu hutuletea ndoa zao. Hutuletea mirathi, madeni na watoto waliotoroka shule. Mwaka jana tuliletewa jambo ambalo hatukulitarajia kabisa: tuliletewa kikokotoo.

Mama mmoja wa makamo, mke wa mwalimu mstaafu, alimjia Imamu wetu baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa ametulia, hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutia hofu. Alisema, "Sheikh, nimekuja kuomba mnisaidie nirudi kwetu kwa heshima. Mume wangu ameoa Morogoro na fedha za mafao amezipeleka huko. Sikatai kuwa sheria inamruhusu kuoa. Ninachokataa ni kufichwa."

Imamu alimuuliza ushahidi wake ni upi. Ushahidi ulikuwa jirani. Jirani yao naye ni mwalimu mstaafu, aliyefanya kazi miaka ile ile 35 na kwa daraja linalokaribiana sana na la mumewe. Jirani alistaafu Mei 2022 na kulipwa mkupuo wa zaidi ya shilingi milioni 70. Mume wake alistaafu Septemba 2024 na kumwambia kuwa amelipwa milioni 43. "Sheikh, mimi sikusoma sana, lakini kutoa najua. Milioni 28 zimekwenda wapi?"

Mzee alipoitwa alisema neno moja tu: "Sijaoa." Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kuliongeza shaka badala ya kuipunguza.

Tukakubaliana kufuata mwongozo wa Surat An-Nisaa, aya ya 35: aje mtu wa upande wa mume na mtu wa upande wa mke, wakae pamoja na Imamu na sisi wa kamati. Lakini kabla ya kikao tuliona hatuwezi kusuluhisha jambo tusilolielewa. Tukaenda kujifunza. Yale tuliyojifunza ndiyo tunayoyaandika hapa, kwani tunaamini nyumba yenye shaka ya namna hii si moja, na wala haiko Magindu peke yake.

Mifuko mingi, sheria nyingi

Watu wengi husema "mtumishi wa Serikali" kana kwamba ni kundi moja. Katika mafao, haijawahi kuwa hivyo.

Kabla ya mwaka 2018 nchi yetu ilikuwa na mifuko mitano mikubwa ya hifadhi ya jamii. PSPF ilikuwa ya watumishi wa Serikali Kuu na walimu, LAPF ya watumishi wa serikali za mitaa, na PPF ya mashirika ya umma, ingawa ilipokea pia waajiri wengine. GEPF, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1942 enzi za ukoloni, ilianza kama mfuko wa akiba: mtu akiondoka alipewa alichochanga pamoja na nyongeza yake. NSSF, iliyochukua mahali pa NPF ya mwaka 1964, ilikuwa hasa ya sekta binafsi.

Kila mfuko ulikuwa na kanuni zake. Watu wawili waliweza kuketi meza moja, kulipwa mshahara mmoja, na siku ya kustaafu wakaachana njia panda kwa sababu tu majina yao yalikuwa katika vitabu tofauti.

Sheria Na. 2 ya mwaka 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ikabaki na sekta binafsi na sekta isiyo rasmi. Mifuko ikawa miwili, na wengi wakadhani tofauti zimekwisha. Hazikwisha. Zilihama tu kutoka katika majina ya mifuko zikaingia katika tarehe na asilimia.

Kikokotoo ni nini hasa?

Tuliandika hesabu hii kwenye ubao wa madrasa, kwa chaki, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Tutaifanya tena hapa polepole, kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Pensheni ya mwaka mzima hupatikana kwa kuchukua idadi ya miezi mtu aliyochangia, kuizidisha kwa mshahara wa mwaka unaoingia katika hesabu, kisha kugawanya kwa namba maalumu. Kwa kanuni ya sasa, mshahara huo ni wastani wa miaka 3 iliyo bora katika miaka 10 ya mwisho kabla ya kustaafu. Namba maalumu ya kugawanyia kwa wanachama wa PSPF na LAPF ilikuwa 540. Kwa PPF na NSSF ilikuwa 580.

Baada ya kupata pensheni hiyo ya mwaka, sehemu yake huuzwa, yaani mstaafu huitoa na kupewa fedha taslimu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoitwa mkupuo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Katika PSPF na LAPF, sehemu iliyouzwa ilikuwa asilimia 50, na kila shilingi moja iliyouzwa ilinunuliwa kwa shilingi 15 na nusu. Katika PPF na NSSF iliyouzwa ilikuwa asilimia 25, na kila shilingi ilinunuliwa kwa 12 na nusu.

Zipo basi namba tatu katika kikokotoo: ya kugawanyia, ya kuuzia, na asilimia. Watu mitaani hubishana juu ya asilimia tu. Hilo ndilo kosa lililomponza mama yetu, na lililotuponza hata sisi, kwani mara ya kwanza tulipopiga hesabu ya mzee tuligawanya kwa 540 na jibu likakataa kulingana na karatasi zake.

Mwishoni mwa 2018 zilitoka kanuni mpya zilizowaweka wote kwenye asilimia 25. Kilio kilikuwa kikubwa. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, alipokutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, aliagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Katika kipindi hicho mazungumzo yaliendelea baina ya Serikali, waajiri na wafanyakazi, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kikokotoo kimoja kwa wote: kugawanya kwa 580, kuuza kwa 12 na nusu, na mkupuo wa asilimia 33. Malalamiko hayakukoma, hasa ya walimu. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza nyongeza: waliokuwa katika kundi la asilimia 50 wapande kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa katika kundi la asilimia 25 wapande kutoka 33 hadi 35.

Sasa tuwaweke wazee watatu katika safu moja ya swala. Kwa wepesi wa kuelewa, tuchukulie kila mmoja amechangia miezi 420, yaani miaka 35, na mshahara unaoingia katika hesabu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka.

Wa kwanza ni mwalimu aliyestaafu Mei 2022 kwa kanuni ya PSPF. Mkupuo wake ni shilingi 72,333,333. Pensheni yake ya mwezi ni 388,889.

Wa pili ni mwalimu aliyestaafu Septemba 2024 kwa asilimia 40. Mkupuo wake ni shilingi 43,448,276. Pensheni yake ya mwezi ni 434,483.

Wa tatu ni mtumishi wa shirika la umma, mwanachama wa iliyokuwa PPF, aliyestaafu mwezi huo huo kwa asilimia 35. Mkupuo wake ni shilingi 38,017,241. Pensheni yake ya mwezi ni 470,690.

Mama alitazama ubao kwa muda mrefu. Mshahara wa mumewe ulikuwa karibu sana na huo wa mfano, na jibu lilikuwa karibu sana na alilomwambia mumewe. Milioni 28 alizokuwa akizitafuta Morogoro hazikuwahi kulipwa. Zilikuwa ndani ya zile namba tatu.

Nani alipata, nani alikosa

Tusiishie hapo, maana haki inataka tuseme ukweli wote.

Wapo wanaosema kuwa mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka, kwa hiyo mstaafu hakupoteza kitu, ataipata polepole. Kwa mzee wetu wa tatu, wa PPF, kauli hiyo ina ukweli, japo kwa upande wa pili. Kwa kanuni yake ya zamani angepata mkupuo wa 27,155,172 na pensheni ya 543,103. Sasa mkupuo umeongezeka kwa karibu milioni 11 na pensheni imepungua kwa shilingi 72,413 kila mwezi. Ukigawanya moja kwa nyingine utapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Akistaafu na miaka 60, hesabu zinalingana atakapofika miaka 72 na nusu. Akijaaliwa umri zaidi ya hapo, angefaidika zaidi na mkupuo mdogo. Hiyo ndiyo siri ya namba 12 na nusu: ni miaka ya pensheni ambayo mstaafu anaiuza mapema.

Kwa mwalimu, hesabu ni nyingine. Mkupuo wake umepungua kwa shilingi 28,885,057 akilinganishwa na mwenzake wa Mei 2022. Pensheni yake imezidi kwa 45,594 tu. Ili pengo lizibike kwa nyongeza hiyo ya kila mwezi, atahitaji miezi zaidi ya 630, karibu miaka 53. Mtu wa miaka 60 atahitaji kufika 113. Umri uko mikononi mwa Allah (SW), lakini hesabu za wanadamu haziwezi kujengwa juu ya hilo. Sababu ni kwamba kwake namba zote tatu zilibadilika, wakati kwa mzee wa PPF ilibadilika asilimia peke yake.

Kwa hiyo walimu na watumishi wa halmashauri wanapolalamika, hawalalamiki kwa kutojua hesabu. Wamepoteza kweli. Lakini pia si kweli kwamba kila mtumishi wa umma amepoteza. Ndani ya mfuko mmoja wapo waliopanda na wapo walioshuka.

Kwa nini basi jambo hili lilifanyika? Hoja iliyotolewa ni uhai wa mfuko. Watumishi wa Serikali Kuu walianza kuchangia pensheni zao Julai 1999, baada ya Bunge kutunga Sheria Na. 2 ya mwaka huo. Kabla ya hapo hawakukatwa. Hazina ndiyo iliyowalipa. PSPF ikarithi watu wenye miaka mingi ya kazi isiyo na michango, na deni la miaka hiyo likaelea kwa muda mrefu, hadi Serikali ilipoutolea mfuko hatifungani maalumu yenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mfuko unaolipa kwa 15 na nusu wakati fedha zake nyingi ziko nje ni kisima kinachochotwa kuliko kinavyojaa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwalimu naye ana hoja yake: deni halikuwa lake, na yeye alikatwa kila mwezi bila kukosa.

Makundi mengine

Tofauti haziishii kwa hawa watatu. Wapo wazee wa Hazina, waliostaafu chini ya utaratibu wa zamani usio wa michango, wengi wao wakiwa na pensheni ndogo mno kwa sababu mishahara ya wakati wao ilikuwa midogo. Mwaka 2015 ndipo kima chao cha chini kilipopandishwa kutoka shilingi 50,114 hadi 100,125 kwa mwezi. Wanajeshi wa JWTZ nao hulipwa na Hazina kwa kanuni zao.

Majaji wana sheria yao ya mwaka 2007. Viongozi wa kisiasa wana Sheria Na. 3 ya mwaka 1999, ambayo kwayo Rais mstaafu hulipwa kila mwezi asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliye madarakani. Tazameni tofauti hii: pensheni yake hupanda kila mshahara wa aliye madarakani unapopanda, wakati ya mwalimu hufungwa siku anapostaafu, hadi pale patakapotangazwa nyongeza. Wabunge hawana pensheni ya mwezi kwa ubunge wao, bali kiinua mgongo kila muhula wa miaka mitano unapokwisha.

Umri nao una makundi. Mtumishi wa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kwa maprofesa wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa umri wa lazima ulisogezwa hadi 65. Na ili mtu apate pensheni ya mwezi anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, sawa na miaka 15. Aliyepungukiwa hulipwa mara moja na mlango ukafungwa.

Magindu ni mji wa reli ya kati, na wazee wa reli hawakuacha tusahau habari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki njiani. Msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi aligawanya mali na madeni baina ya Kenya, Tanzania na Uganda, na mkataba ukasainiwa mwaka 1984. Lakini wazee wa Tanzania waliendelea kudai mahakamani na barabarani miaka zaidi ya 20 baadaye, na wengi walifariki wakidai. Mzee mmoja alituambia katika baraza la msikiti: "Nyinyi mnagombania asilimia. Sisi tuligombania kukumbukwa."

Jirani zetu nao wana yao. Kenya iliwaanzishia watumishi wake mfuko wa michango tarehe 1 Januari 2021, wakati wakubwa wao walistaafu bila kukatwa. Zanzibar ina ZSSF tangu mwaka 1998, na mwezi Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima na mvuvi. Hapa Bara mkulima wa Magindu bado anatazama tu.

Kilichokuwa kimefichwa

Turudi kwenye kikao. Ubao ulipomwondolea mzee tuhuma ya Morogoro, Imamu alimgeukia na kumuuliza kwa upole: "Mwalimu, kama hukuficha kitu, kwa nini hukumwonyesha mama karatasi za malipo?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akasema kilichomfunga ulimi. Alikuwa na madeni ya shilingi milioni 9. Aliyakopa kati ya mwaka 2020 na 2022, sehemu kwa ajili ya ada za chuo za binti yao na sehemu kwa ajili ya matofali, akitegemea mkupuo wa milioni 70 kama wenzake. Mkupuo ulipokuja mdogo alilipa madeni kimyakimya. Zilizobaki zilimaliza paa, milango na kisima, na milioni 10 na kidogo ziko benki. Hakuwa na mke wa pili. Alikuwa na aibu.

Mama alilia, si kwa hasira. Akamwambia, "Baba, ungeniambia ningeuza zile mbuzi tukasaidiana. Mimi nilikuwa nakuchukia kwa kosa usilolifanya." Hatukuwa na la kuongeza. Imamu aliomba dua na kikao kikafungwa.

Ndugu zetu, sheria za mafao hatuwezi kuzibadilisha kutoka Magindu, ingawa kila raia ana haki ya kuzisemea kupitia chama chake cha wafanyakazi na mbunge wake. Lakini yaliyomo ndani ya nyumba zetu tunaweza kuyatengeneza. Kutokana na kikao kile tumeona tuusie yafuatayo.

Kwanza, andikeni na muonyeshane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Mtumishi aliyebakiza miaka mitano astaafu akae na mkewe au mumewe, wapige hesabu kwa kanuni ya leo, si ya jirani, na si ya mwaka aliostaafu kaka yake.

Pili, msile kabla hakijaiva. Mkopo unaochukuliwa kwa kutazamia mkupuo ni mzigo, na ukiwa wa riba ni mzigo wa dunia na akhera. Zipo sasa benki na madirisha ya benki yanayofuata sharia, kwa hiyo Mwislamu hana udhuru wa kusema hana pa kuhifadhi mafao yake isipokuwa kwenye riba.

Tatu, kagueni kumbukumbu mapema. Jina lililoandikwa kwa namna mbili, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na miezi ambayo michango yake haikufika huchelewesha malipo. Ni rahisi kurekebisha ukiwa kazini kuliko ukiwa umestaafu, huna nauli ya kwenda Mlandizi na Kibaha kila wiki.

Nne, zaka. Mkupuo ukishaingia mkononi ni mali yako kamili. Kilichobaki kikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka kina haki ya maskini ndani yake.

Tano, mirathi. Fedha na nyumba alizoacha mstaafu ni tirka, na zina wenyewe kwa mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa: mjane hupata thumuni kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Malipo ambayo sheria ya mfuko inawapa wategemezi yana utaratibu wake, na wanafamilia wasiyachanganye na tirka kabla ya kuwauliza masheikh na mfuko wenyewe. Fungueni mirathi mapema katika Mahakama ya Mwanzo mkiwa na muhtasari wa kikao cha familia, na asimnyang'anye mtu mjane kadi ya benki akiwa ndani ya eda.

Safu ya mbele kabisa

Tulipokuwa tukifuta ubao, kijana mmoja wa madrasa aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha sisi tuliojiona wasuluhishi: "Na Ustadhi atalipwa asilimia ngapi?"

Ustadhi wetu amefundisha watoto wa Magindu kwa miaka 22. Hao wazee watatu wa mfano wetu, mwenye milioni 72, mwenye 43 na mwenye 38, wote watoto na wajukuu wao wamesoma kwake. Yeye hayumo katika kundi la asilimia 50, wala 40, wala 35. Hana namba ya kugawanyia wala ya kuuzia. Akiumwa tunapitisha kofia, na kofia ikirudi tunaona tumemaliza wajibu.

Tulikuwa tumekaa miezi mitatu tukipima haki ya Serikali kwa watumishi wake. Hatukuwahi kupima haki yetu sisi kwa watumishi wetu, wa msikiti. NSSF inapokea wanachama wa sekta isiyo rasmi, na wale wenye wasiwasi juu ya namna mifuko inavyowekeza wanaweza kuwekewa akiba katika benki inayofuata sharia. Njia zipo. Kilichokosekana ni kikao.

Kikao hicho tumekifanya. Kamati imekubali kutenga fungu la kila mwezi katika sadaka za Ijumaa kwa ajili ya uzee wa Imamu na Ustadhi, liandikwe katika daftari lake peke yake, na lisomwe mbele ya waumini kila baada ya miezi mitatu. Mtu wa kwanza kuchangia alikuwa yule mwalimu mstaafu. Alileta bahasha pamoja na mkewe, na juu yake yalikuwa yameandikwa majina yao wote wawili.

Tunaomba kila kamati ya msikiti inayosoma makala hii ijiulize swali la yule kijana.

Wabillahi tawfiq.